Kiangazi cha Mama wa Uvira

Kiangazi kinapoingia Uvira, na milima iliyosimama nyuma ya mji ikaanza kuacha ukijani wake na kuvaa rangi ya majani makavu, mambo ambayo katika miezi mingine huja moja moja, kila moja kwa zamu yake, hukutana yote mlangoni pa nyumba moja kwa wakati mmoja, na mwenye kuyapokea, aghalabu, ni mama. Shule hufungwa mwanzoni mwa Julai na watoto hubaki nyumbani mpaka Septemba, wakiwa na njaa ya kutwa nzima. Ziwa nalo hufungwa, kwani kuanzia mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, ziliafikiana kusimamisha uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na ndagala, ambao ni kitoweo cha tajiri na maskini katika ufuko huu, huadimika sokoni na kupanda bei. Bomba hukauka bila kutoa taarifa. Vumbi la barabara ya Kavimvira huingia chunguni, kifuani na machoni. Harusi, ambazo watu wenye busara huziepusha na mvua, huangukia Jumamosi zote za Julai na Agosti. Na iwapo mama huyo ana maradhi yake mwenyewe, presha, mgongo, vidonda vya tumbo au upungufu wa damu, maradhi hayo hayaendi likizo.

Nasaha anazopewa mama wa namna hii zimekuwa zilezile tangu zama za bibi zetu: vumilia. Mimi siidharau subira, nami nimelelewa kwayo, lakini naona imekwisha kusifiwa ya kutosha, na wanaoisifu zaidi ni wale wanaokula chakula kilichopikwa kwa subira ya mtu mwingine. Shauri langu ni jingine. Ugonjwa wa mama uingizwe katika tartibu ya nyumba kabla kiangazi hakijaanza, uwe na siku yake, fedha yake na mtu wa kuusimamia, kama vile unga, maji na gunia la makala vilivyo na siku, fedha na msimamizi. Kwa maana jambo lisilopewa nafasi katika hesabu ya nyumba huwa limeamuliwa tayari kwamba litasubiri, na maradhi hayajui kusubiri. Yote nitakayosema hapa chini, hata yale yanayohusu maharage na harusi, yanatoka katika shauri hilo moja.

Nianzie kwenye presha, kwa kuwa ndiyo hudanganya kuliko zote. Mtu mwenye presha ya 160 juu ya 100 anaweza kubeba bido la maji, kucheka sokoni na kuimba kwaya Jumapili asihisi lolote, ilhali moyo, figo na mishipa ya ubongo wake vinaumia kimyakimya. Na kipimo kinachofikia 140 juu ya 90, kikirudiwa siku mbalimbali na kisishuke, ndicho matabibu wanachokihesabu kuwa ugonjwa. Mwaka fulani, kabla ziwa halijaanza kufungwa, nilikuwa nimeketi kwenye benchi la kituo cha afya nikingoja zamu yangu, na mbele yangu alikuwapo muuza ndagala wa Mulongwe, mkono wake umezungushiwa kitambaa cha kipimo, magamba membamba ya samaki yakimetameta bado pembeni mwa kucha zake. Muuguzi, kijana wa umri wa mwanawe, alitazama saa ya kipimo, akakiminya tena kile kipira cheusi, akatazama mara ya pili.

«Mama, dawa uliacha lini?»

«Sikuziacha, mwanangu. Ziliisha. Nikaona kichwa kimetulia, nikasema fedha hii acha ninunue kwanza unga.»

«Ziliisha lini, mama?»

«Watoto walipofunga shule.»

Nayo ilikuwa katikati ya Agosti. Kijana yule hakumkaripia, na ninamheshimu kwa hilo mpaka leo, kwa sababu mwanamke huyo hakuwa mzembe wala mjinga. Alikuwa amepima, kwa hesabu sahihi ya mtu mwenye fedha chache, kitu kinacholia na kitu kinachonyamaza, akakilipa kile kinacholia. Watoto wenye njaa hulia. Mshipa wa damu haulii mpaka siku ya kupasuka. Ndiyo sababu dawa za presha haziwezi kuachiwa zishindane na unga mezani kila asubuhi. Zinunuliwe mwezi Juni, za Julai na Agosti kwa pamoja ikiwa tabibu ameridhia na mfuko umeruhusu, zifungwe vizuri, ziwekwe juu mahali pakavu mbali na jua na mikono ya watoto, na zisihesabiwe tena kuwa fedha. Kumeza nako kufungamanishwe na jambo ambalo nyumba hailisahau kamwe, kama kumimina uji wa asubuhi, na mtoto mmoja mwenye akili tulivu apewe wadhifa wa kuuliza, «Mama, umekunywa dawa?», kabla hajapokea kikombe chake. Watoto hupenda mno kumsimamia mkubwa. Huo ni udhaifu wao, nasi tuutumie.

Unapokwenda kupimwa, usitoke moja kwa moja mtoni na bido kichwani ukaingia chumba cha muuguzi, kwa kuwa utapimwa mbio zako badala ya damu yako. Keti dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Kichwa kikitulia usiache dawa, maana kimetulia kwa ajili yake. Na chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima, ikijumlisha iliyomo ndani ya mboga, mkate na samaki wa chumvi, haipaswi kuzidi kijiko kimoja cha chai, hesabu ambayo huharibika upesi kwa zile kubo za mchuzi za dukani tunazozimenya mbili mbili ndani ya sombe. Nyanya, kitunguu, limau na pilipili vinaweza kutia ladha badala ya kubo hizo. Mwenye mimba anayeumwa kichwa kwa nguvu, kuona maruweruwe au kuvimba mikono na uso hana ruhusa ya kungoja kesho, wala hana ruhusa mtu yeyote ambaye mdomo wake umekwenda upande au mkono wake umelegea ghafla: hao huchukuliwa hospitali saa ileile, kwa pikipiki ya kwanza ipitayo.

Sasa nije kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika mji wetu maji ndiyo yanayoamua kama kiangazi kitakuwa kizito au kitakuwa cha msiba.

Bomba la mji hupata maji yake kutoka mto Mulongwe, mto uleule ambao usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 ulitoka katika njia yake ukabomoa nyumba, ukaua watu na kuharibu mabomba. Kwa hiyo mwenyeji wa Uvira anajua kwamba maji yanaweza kumkosesha raha kwa kuzidi kama kwa kupungua. Mtambo ukisimama, iwe kwa tope, kwa kukatika umeme au kwa kuharibika chombo, watu hawaachi kunywa. Hurudi ziwani na mtoni, mahali ambapo watu wengine wanaoga, wanafua na kufanya mengine nisiyoyataja. Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, walipozipitia hesabu za Uvira za tangu 2009 hadi 2014, na kuchapisha waliyoyaona mwaka 2015, walikuta kwamba siku ambayo maji ya bomba hayakutoka kabisa ilifuatwa, katika siku 12 zilizokuja baada yake, na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa walioingia kituo cha kutibu kipindupindu, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka kama inavyotakiwa. Zitazame vizuri zile siku 12, kwa sababu ndizo zenye faida kwa mama. Maana yake ni kwamba hatari huanza siku robine inapokauka, kabla jirani yeyote hajaugua, na haiondoki siku robine inaporudi kutoa maji.

Basi nyumba iwe na kalenda, hata ile ya zamani iliyotolewa na duka, itundikwe karibu na mtungi, na siku maji yanapokatika mtoto aweke alama, kisha ahesabu siku 12 mbele na kuweka alama nyingine. Kati ya alama hizo mbili hapana tone la maji linalonywewa katika nyumba hiyo bila kutiwa dawa au kuchemshwa, awe ni mgeni, awe ni baba, awe ni bibi asemaye kwamba yeye amekunywa maji ya ziwa miaka yote na hajafa. Dawa ya klorini hutiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko chake, maji hutikiswa na kuachwa nusu saa kabla ya kunywewa. Yakiwa na tope, huchujwa kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, la sivyo dawa hupotelea kwenye tope.

Mwenye makala ya kutosha na achemshe, lakini asiunguze gunia zima kwa hofu. Nimeona akina mama wakiyaacha maji yatokote robo saa juu ya mbabula, wakidhani vijidudu ni vigumu kama maharage. Sisi tunakaa karibu na usawa wa ziwa, ambao ni kiasi cha mita 770 juu ya bahari, na katika mwinuko huo dakika moja ya mtokoto kamili inatosha. Asiye na makala wala klorini bado ana jua, ambalo kiangazi hulitoa bure: chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, zijazwe maji maangavu, zilazwe juu ya bati asubuhi na kuachwa saa sita za jua kali, au siku mbili nzima mawingu yakitanda. Watoto wa likizo wanaweza kuzisimamia chupa hizo bila kusukumwa. Maji yaliyokwisha kutengenezwa yakae katika bido lenye mdomo mwembamba na kifuniko, yamiminwe, yasichotwe kwa kikombe, kwa maana mkono mmoja usionawa hubatilisha kazi ya siku nzima.

Pamoja na hayo yote, kipindupindu kinaweza kuingia. Uvira ilipata chanjo ya mdomo mwaka 2020, nayo ilikuwa neema, lakini chanjo hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita, na watoto waliozaliwa baada yake hawakuiona. Mtu akianza kuharisha maji meupe kama maji ya kuoshea mchele, kazi ya kwanza ni kurudisha maji mwilini, kwa pakiti ya chumvi za kuongeza maji au, ikikosekana, kwa lita moja ya maji salama iliyokorogwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Kionjwe: kisizidi chumvi ya machozi. Anywe kidogo kidogo, akitapika asubiriwe kidogo kisha aanze tena, mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya, na wakati huohuo apelekwe kituoni, asingoje kwanza kuonekana kama dawa ya nyumbani imefanya kazi. Sukari na chumvi za shughuli hiyo zikae ndani ya kopo lake, na kila mtu wa nyumbani aliyefikisha miaka tisa au kumi ajue kopo liko wapi na kijiko ni kipi. Nasema hivi kwa kuwa siku yenyewe ikifika, huenda mama yuko Bujumbura na bidhaa zake, na mpaka wa Kavimvira umefungwa mapema kuliko alivyotarajia.

Nani atayateka maji? Hapa ndipo tartibu ya nyumba nyingi inapoonekana ilivyo. Foleni ya robine huanza kabla ya alfajiri, mabido yamepangwa mstari, mengine yamewekewa jiwe juu na mengine kandambili moja ili mwenyewe ajulikane, na ukiwahesabu waliosimama hapo utakuta wasichana, wake wa watu na bibi wachache. Mvulana wa miaka 14 amelala, na akiamka ataulizia uji. Bido la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na mama mwenye mgongo mbovu au presha hana haja ya kulibeba maadamu nyumbani mwake mna vijana wawili wanaocheza mpira kuanzia saa tisa mpaka giza bila kuchoka. Likizo imewapa nguvu, nayo nguvu hiyo ni mali ya nyumba. Wagawiwe zamu za siku, mvulana na msichana sawasawa, wadogo wapewe bido la lita kumi, na zamu ziandikwe kwenye ileile kalenda, kwa kuwa neno lililoandikwa halibishaniwi kama neno lililosemwa. Baba mwenye nyumba naye ana nafasi yake, nayo ni kutowacheka wanawe wa kiume wanapopita na bido mbele ya rafiki zake. Akiweza zaidi ya hapo, Mungu ambariki.

Nyumba nyingi zina pia ndugu waliokimbilia kwetu kutoka bonde la Ruzizi au milimani, na baada ya vita kufika ndani ya mji wenyewe mwezi wa Desemba 2025, ziko familia ambazo hazijui tena ni ipi iliyo mwenyeji na ipi iliyo mgeni. Adabu yetu inakataza kumtuma mgeni, lakini mgeni wa miezi sita amekwisha kuwa mtu wa nyumbani, na mimi naona kumpa shemeji zamu ya maji au ya jikoni ni heshima kwake, kwa sababu asiye na kazi katika nyumba ya watu huhesabu kila tonge analokula.

Watoto wasipoteka maji watakuwa ziwani, na hili ni jambo la kutia hofu. Ziwa letu lina kina kisichopungua mita 1,400 katika sehemu zake za ndani kabisa, pepo za kiangazi hulifanya livimbe mawimbi, na viboko hutoka majini jioni kutafuta majani hata karibu na nyumba za watu. Mamba pia wapo, hasa upande wa mdomo wa Ruzizi, na Gustave, yule mamba mkubwa ambaye habari zake zilifika mpaka Ulaya, hakuwa hekaya ya kuwatishia watoto tu. Kuwakataza wasikaribie ziwa kwa miezi miwili ni amri isiyotiiwa. Amri inayotiiwa ni fupi na ina saa: waende jua likiwa juu, waende pamoja na mkubwa mmoja mwenye kujua kuogelea, mahali watu wengi wanapoogea, wala asiwepo mtu majini magharibi wala alfajiri. Mtoto anayerudi kutoka ziwani na baada ya majuma kadhaa akawa analalamika tumbo na kutoa damu katika choo, apimwe kichocho, ambacho dawa yake ipo na ni nyepesi.

Kuhusu chakula nitasema machache, kwani mama wa Uvira hahitaji kufundishwa kupika na mtu wa kalamu. Ndagala wakavu wa kutosha wanunuliwe mapema mwezi Mei kabla ya 15, wakiwa wamekauka hata wakivunjwa watoe sauti, wakae ndani ya ndoo yenye kifuniko na kutolewa juani mara mojamoja. Ukichukua konzi moja tu kuunga sombe au lengalenga, badala ya kupika chungu kizima cha samaki, ndoo inaweza kufika Agosti. Nafasi iliyobaki ijazwe na maharage yanayoshuka kutoka milimani, karanga na soya, na maharage yalowekwe usiku kucha na kumwagwa yale maji, kwa kuwa yaliyolowekwa huiva kwa makala kidogo mno kuliko makavu, na mtoto wa miaka 13 aweza kuyaangalia wakati mama amelala. Mbabula ikae nje, au mlangoni upepo ukipita. Usiku isiingizwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata baridi ya Julai iwe vipi, kwa maana hewa ya makala huua waliolala bila kuwaamsha.

Nimesema wakati mama amelala, nami sikuteleza. Mama mwenye maradhi anahitaji saa moja ya mchana, baada ya chakula, mlango umefungwa, simu iko kwa mtoto mkubwa, na watoto wamejulishwa kuwa katika saa hiyo anayegonga awe analeta habari ya moto, damu au kuhara. Juma la kwanza watagonga kwa sababu ya penseli. Wasijibiwe. Mashangazi watasema kwamba mwanamke anayelala mchana ameivunja nyumba, na jibu la heshima ni kuwaambia, «Shangazi, ni amri ya muganga,» ambalo pia ni kweli, kwa kuwa hapana muganga atakayelikanusha.

Zimebaki harusi na fedha, ambazo ni jambo moja. Kadi moja ya harusi katika kiangazi huja na madeni manne: mchango wa kamati, kitenge cha sare, nauli, na siku nzima iliyopotea ya mtu aliyekuwa apumzike. Mama mmoja niliyemjua alivaa vitenge vitatu vipya katika mwezi mmoja, vyote vya harusi za watu ambao hakupata kula nao chakula hata siku moja, na mwezi uleule binti yake alirudishwa nyumbani kutoka kituo cha afya kwa kukosa fedha za vipimo. Sishauri watu wavunje udugu. Nashauri mama akae na mumewe mwezi wa Juni, waziandike harusi zote wanazozijua, wachague mbili au tatu za damu, hizo watoe mchango na sare na wacheze mpaka usiku. Zilizobaki wapeleke salamu na zawadi ndogo iliyofungwa vizuri, na mama aende na kitenge chake cha mwaka jana, aketi saa mbili, ale wali, apige vigelegele, kisha aage. Hapana bibi harusi aliyewahi kuacha kuolewa kwa sababu nguo za wageni hazikufanana.

Fedha zilizookolewa ziende kwenye MUSO. Akina mama wengi wa Kivu wanazijua jumuiya hizi za kusaidiana, wengi tumo ndani yake, lakini tunalikimbilia zaidi sanduku la kijani, ambalo hukopesha kwa biashara, na kulisahau sanduku jekundu, ambalo limewekwa makusudi kwa ugonjwa, uzazi na msiba. Mchango wake ni mdogo, na kinachotoka humo, kwa kadiri ya kanuni za kila kundi, hakidaiwi faida kama mkopo. Mama mwenye maradhi ya kudumu asingoje kulazwa ndipo aulize kanuni. Aziulize katika mkutano wa Juni, mbele ya wote: je, sanduku jekundu linalipia dawa za kila mwezi au ugonjwa wa ghafla tu? Je, linamsaidia mtoto au mwanachama peke yake? Ni saa ngapi zinapita tangu kuomba mpaka kupewa, na funguo ziko kwa nani siku ambayo mwenye funguo amevuka kwenda Bujumbura? Maswali haya yataonekana ya uchokozi kwa wenye haya, lakini kundi lisiloweza kuyajibu Juni halitaweza kuyajibu usiku wa manane Agosti, na kanuni hubadilishwa kwa kunyoosha mikono.

Mwisho wa Agosti, kabla ya kununua madaftari na kushona sare za shule, mama arudi kituoni apimwe tena presha, aulize kama dawa zibaki zilezile, na akate kabisa fedha za dawa za Septemba na Oktoba kutoka zile za madaftari. Madaftari yananunulika kwa mafungu, manne leo na manne juma lijalo, na mwalimu huelewa.